Baiskeli Iliyopona Kabla ya Mwenyewe

Katika kisa hiki mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta kati ya watu watakaopita humu, maana wamo wenye sura za kupotosha.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa kifupi. Paa la banda langu la kutengenezea baiskeli liliondoka na upepo. Mchumba wangu akaondoka na fundi redio. Na nilipodhani hakuna tena cha kuondoka, dada yangu akagongwa na gari akipeleka nguo za wateja kwa baiskeli yake. Uliniacha kwenye benchi la hospitali, nimeshika kiatu chake kimoja.

Kile kiatu nilikishika mpaka daktari akaniuliza kama nakiuza.

"Mguu wa kulia umeumia vibaya," akaniambia. "Tumeshona tulichoweza. Lakini kuna mshipa umekatika, na huo unamtaka mtaalamu. Upasuaji mwingine, na mapema. Mkichelewa, mguu utaning'inia hivyohivyo maisha yake yote."

"Daktari, dada yangu ni fundi cherehani. Cherehani ya kukanyaga."

Akanitazama kidogo. "Basi msichelewe," akasema.

Mama alipofariki, mimi nilikuwa sijui hata kufunga kamba za viatu. Dada ndiye aliyenilea, na alinilea kwa miguu yake: kanyaga, kanyaga, shati likatoka, kanyaga, kanyaga, unga ukanunuliwa. Mlio wa kile kikanyagio ndio uliokuwa wimbo wangu wa kulalia. Hata jina la Kiraka alinipa yeye, kwa ajili ya suruali zangu, kabla sijajua kuwa nitakuja kula kwa kuziba matairi.

Upasuaji huo hatukuwa na uwezo nao. Ungelipwa na bima ya gari, kama ingekubalika kwamba mwenye kosa ni dereva. Liweke hilo moyoni, maana kila nilichofanya baada ya hapo ni kulibomoa.

*

Polisi waliniambia nikaichukue baiskeli, wao hawana pa kuiweka. Nikaibeba begani hadi bandani kama mtu abebaye mgonjwa.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limejikunja likakutana lenyewe. Keria imeingia chini ya tandiko. Madigadi ya nyuma imefinyangwa kama karatasi. Lakini gurudumu la mbele, nilipolisukuma kwa kidole, lilizunguka bila aibu yoyote, kana kwamba halikuwepo kwenye ajali.

Nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikaitazama. Fundi kutazama baiskeli iliyovunjika bila kuigusa ni kama mama kutazama mtoto anayelia. Vidole vinawasha.

Hapo gari jeupe likasimama mbele ya banda.

Akashuka Mwenye Duka, yule muuza vifaa vya ujenzi aliyemgonga dada. Hospitali alikuja na matunda, akalia kwa uchungu mpaka nesi akaacha wagonjwa akamletea kiti.

"Ndugu yangu," akasema, "tangu siku ile sijala."

"Tumbo lako halina habari hiyo," nikamjibu. Mdomo wangu huo, haujawahi kuniomba ruhusa.

Hakukasirika. Alichuchumaa pale kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akaigusa baiskeli kama mtu anayegusa kaburi.

"Hii inatengenezeka kweli?"

Kumuuliza fundi swali hilo ni kumchokoza.

"Bosi, mimi nimefufua baiskeli ambazo wenyewe walishazigawa urithi."

"Basi ifufue na hii. Dada akitoka hospitali aikute inang'aa. Gurudumu jipya naleta mimi, na rangi dukani ipo. Anapenda rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu itakuja." Akanishika bega. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, au sivyo?"

Nami nikatikisa kichwa kwa shukrani. Hadi leo ninapoandika haya, sijui yule mtu alileta rangi kwa huruma au kwa hesabu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, silijui. Pengine hata yeye halijui.

Rangi ikaja. Nikaifanya ile kazi kama fundi aliyeajiriwa na malaika. Nikanyoosha fremu. Nikaipiga msasa mpaka kila mkwaruzo ukasahaulika. Nikapaka, nikaacha ikauke, nikapaka tena.

Na kwa kuwa fundi wa baiskeli hatupi kitu, lile gurudumu bovu nililifungua. Spoki nzima nikazitia kwenye baiskeli za wateja. Ringi nikainyoosha kwa nyundo, nikamwekea muuza maziwa, ambaye hachagui. Ile madigadi iliyofinyangwa niliigonga ikawa bapa kama sinia, nikaiandika kwa rangi ileile ya bluu: FUNDI YUPO. Nikaitundika mlangoni. Kilichobaki nikakiona ni bahati mbaya tu ya dada, nayo niliamini nimeshaipunguza.

Siku aliyorudishwa nyumbani kwa magongo, nilisubiri akae vizuri kitandani. Kisha nikaiingiza baiskeli chumbani kinyumenyume, nikageuka, nikapiga kengele.

"Karibu nyumbani, mama mkubwa! Usafiri wako huu hapa!"

Dada akaitazama tangu taa hadi tairi.

"Ni ileile?"

"Ileile."

Akanyoosha mkono akapapasa tandiko taratibu, mahali alipokuwa amelishona mwenyewe kwa uzi wa jinzi. Ni pale tu ambapo sikupagusa.

"Imepona kabla yangu," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni utani wetu wa siku zote. Nilipomtazama vizuri nikakuta ninacheka peke yangu.

*

Nesi alikuwa ametuambia kuna ofisi ya msaada wa sheria inayowasimamia waendesha baiskeli waliogongwa, na haitozi mtu. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la kutoa fotokopi. Ukizungumza, mashine ya chini inakujibu.

Nilikwenda peke yangu, maana zile ngazi dada asingeziweza. Wakili alikuwa mwanamke kijana, mezani kwake pana kofia ya kuendeshea baiskeli. Nikampenda hapohapo. Mtu anayekuja kazini kwa baiskeli hawezi kuwa mbaya kabisa.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanisomea maelezo ambayo Mwenye Duka aliandikisha polisi.

Mwenye Duka, yule wa machozi na matunda, alikuwa ameandikisha kwamba dada yangu alikuja upande usio wake. Kwamba alimjia mbele, uso kwa uso, hatazami anakokwenda. Kwamba yeye alishika breki ikashindikana.

"Mwongo!" Nikasimama. "Dada alikuwa upande wake! Gari lilimjia kwa nyuma!"

"Ndivyo dada anavyosema?"

"Ndivyo ilivyo!"

"Kaa, kaka. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, watu wote wamejificha. Polisi walipofika, gari lilishasogezwa na dada yako amezimia. Wakachora walivyosimuliwa na aliyekuwa na fahamu. Sasa ni neno la dereva na neno la dada." Akatabasamu kidogo. "Lakini usiogope. Kesi hizi nimezoea. Mtu anaweza kusema lolote, chuma hakijui kudanganya. Aliyegongwa kwa nyuma, baiskeli yake imevunjika nyuma. Basi. Baiskeli iko wapi?"

Nikajaa fahari hadi masikioni.

"Iko hapa chini. Nimekuja nayo."

Tukashuka. Nikamwonyesha kwa mkono, kama mtu anayemtambulisha bi harusi.

Wakili akaitazama. Akatazama nyuma yake, kushoto, kulia. Akarudi kwangu.

"Kaka, nilisema ile aliyogongwa nayo."

"Ndiyo hii."

"Hii ni mpya."

"Asante sana," nikasema.

Mungu ananisamehe mengi. Ile "asante sana" sijui kama amekwisha kunisamehe.

Wakili akaketi kwenye ngazi ya kwanza, polepole, kama aliyeambiwa habari ya msiba.

"Gurudumu la nyuma la zamani liko wapi?"

"Spoki ziko kwa watu. Ringi iko kwa muuza maziwa. Lakini nimeinyoosha, inakimbia vizuri tu."

"Madigadi?"

"Ndiyo kibao changu cha kazi."

"Ilikuwa na alama yoyote ya gari? Rangi?"

"Nyeupe. Ilikuwa imegandia hapa nyuma na kwenye keria. Ilinisumbua sana ile, lakini niliikwangua yote. Huoni hata dalili."

"Sioni," akakubali. "Picha hukupiga?"

"Simu yangu ina tochi tu."

Mashine ya fotokopi ikapiga kelele badala yake.

"Na gurudumu la mbele?"

"Hilo ni lilelile! Halikuguswa kabisa! Si unaona? Angekuwa amegongwa kwa mbele lingekuwa zima?"

"Mimi naona. Lakini nani atathibitisha kwamba ni lilelile, kaka? Wewe? Ndugu yake, fundi, uliyeijenga upya yote?" Akainua macho. "Nani alikupa wazo hili?"

"Mwenye Duka. Gurudumu alileta yeye. Na rangi."

Wakili akafumba macho. Alipoyafumbua aliniambia kwamba gari lile nalo lilishapata bampa jipya. Kwa hiyo kila chuma kilichokuwa pale barabarani kilikuwa kimepona. Aliyebaki mgonjwa ni mtu peke yake.

Laiti angenitukana, ningepata nafuu. Badala yake aliniambia kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko tusi: "Waambie mafundi wenzako. Baiskeli iliyogongwa haiguswi, haipanguswi, haioshwi. Hata tope lake lina kazi."

Ndiyo, nawaambia. Mafundi wenzangu, mmesikia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuja na mizigo yake kabisa, yakahamia.

*

Wakili alikuja nyumbani mwenyewe kumwona dada.

"Bado kuna kitu kimoja ambacho hakijatengenezwa," akasema. "Mguu. Hospitali wameandika 'jeraha la mguu wa kulia', wakaishia hapo, na daktari aliyekushona amehamishwa. Nikiuona, au daktari mwingine akauona na kuandika, tunaweza kuanzia hapo."

Dada alivuta shuka mpaka kiunoni.

"Hapana."

"Dada, mimi mwanamke mwenzako."

"Najua, mdogo wangu, wala sikukosei heshima. Ila pale hospitali walinifunua kila asubuhi. Wanafunzi wa udaktari wananizunguka, wananyoosha vidole, mmoja anatafuna kitu. Hakuna aliyeniuliza jina. Nikaapa, nikitoka hapa, mguu huu hatautazama tena mtu isipokuwa yule atakayeushona."

"Hata mimi hajanionyesha," nikasema.

"Wewe ndiyo kabisa. Ungeupiga msasa."

Wakati ule alikuwa hajajua jinsi alivyolenga. Wakili alijua, akaangalia chini.

"Mwili ni wako," akasema wakili. "Sitakulazimisha. Nitawaita dereva na mtu wa bima tuzungumze, tutakwenda na tulicho nacho."

Nikamsindikiza hadi mlangoni. "Tuna nini hasa?"

"Ukweli."

"Na kingine?"

Akavaa kofia yake akapanda baiskeli.

Kesho yake nilimkuta dada ameketi kwenye cherehani. Mguu wa kushoto juu ya kikanyagio, wa kulia umenyooshwa pembeni kama mgeni asiyehusika. Alikuwa anajaribu kukanyaga kwa mguu mmoja. Gurudumu la mashine linakwenda nusu, linakwama, linarudi nyuma, uzi unakatika. Anatunga uzi upya. Anajaribu tena. Hakuwa amenisikia nikiingia, na uso wake ulikuwa ule ambao mtu hana nia ya kuwaonyesha wengine.

Nikakohoa mlangoni kwa makusudi.

"Fundi mkuu, unahitaji injini?"

"Kama ipo ya bei nafuu."

Nikaingia chini ya mashine, nikapiga magoti, nikakamata kikanyagio kwa mikono miwili. Nikasukuma. Sindano ikaanza kula kitambaa.

"Polepole wewe! Hii si mbio za baiskeli. Nashona kola, sifukuzi mwizi."

"Sema mwenyewe, kasi gani?"

"Kasi ya mtu mwenye akili. Jifanye."

Tukapata mwendo. Kanyaga, kanyaga. Mlio wa utoto wangu, safari hii ukitoka mikononi mwangu. Na kwa kuwa kule chini hakuna aliyeuona uso wangu, nikamwambia yote. Rangi ya Mwenye Duka. Spoki. Kibao cha FUNDI YUPO. Rangi nyeupe niliyoikwangua mpaka isibaki hata dalili. Nikamwambia kwamba upasuaji wake ulikuwa umening'inia kwenye vile vyuma vibovu, nami nikavigawa mtaani kama pipi.

Mashine ikasimama, maana niliacha kusukuma.

Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Dada?"

"Kanyaga, Kiraka," akasema. "Mwenye nguo anasubiri."

Nikakanyaga. Kitu cha moto kikanidondokea kisogoni, kisha kingine. Nikajifanya ni mafuta ya mashine.

*

Siku ya mazungumzo nilitaka kumbeba kwenye zile ngazi za wakili.

"Mimi si gunia," akasema.

Akapanda mwenyewe. Gongo, mguu mzima, pumzi. Gongo, mguu mzima, pumzi. Watu wa fotokopi wakaacha kazi wakatazama, kisha wakaona haya wakarudi kwenye mashine.

Juu walikuwa wamekwisha kaa: Mwenye Duka na shati lake safi, na pembeni yake Bwana Bima, mtu mpole wa miwani, mwenye sauti ya kuomba radhi kwa kila jambo ambalo hatalifanya.

"Kwanza tunampa pole dada yetu," akaanza Bwana Bima. "Lakini sisi tunakwenda na kilichopo. Mteja wetu anasema dada alimjia mbele, upande usio wake. Mchoro wa polisi unasema hivyo. Baiskeli, bahati mbaya, nimeambiwa imekarabatiwa vizuri sana."

Alisema "vizuri sana" akinitazama mimi. Nikatazama kofia ya wakili.

"Mteja wako ana uhakika na alichokiona?" wakili akauliza.

"Niliona kwa macho yangu," akasema Mwenye Duka. "Sina ugomvi na mtu. Dada alikuwa ananijia, tukatazamana. Nikapiga honi. Mpaka leo uso wake nauona nikifumba macho."

Dada alikuwa ametulia tuli, mikono juu ya magongo.

"Na gari lilimpata wapi?" wakili akauliza, kalamu mkononi.

"Mguuni."

"Mguuni wapi?"

Mwenye Duka akainama akashika mguu wake mwenyewe, mbele, chini ya goti.

"Hapa. Kwenye muundi. Bampa lilimpiga hapa."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Bwana Bima akaitikia kwa kichwa. Kisha akasogeza karatasi moja mezani, taratibu, kwa vidole viwili. "Tunaweza kulimaliza kindugu. Dada anatia sahihi kwamba hakuna madai. Mteja wetu, kwa utu wake, anatoa kidogo cha bandeji na dawa."

"Na upasuaji?" wakili akauliza.

"Upasuaji, samahani sana, hapana."

Sasa sikia nilichofanya, maana nilisema mpumbavu nilikuwa mimi, na upumbavu wangu ulikuwa bado haujaisha. Nilimgeukia dada.

"Tia sahihi," nikamwambia.

"Nini?"

"Tia sahihi, dada. Nimeshaharibu. Baiskeli hakuna, shahidi hakuna. Tukikataa hiki kidogo tutatoka hapa mikono mitupu, na itakuwa mimi tena ndiye niliyekunyima hata bandeji. Mimi nitakukanyagia mashine. Kila siku. Mpaka nizeeke chini ya ile meza. Tia sahihi tuondoke."

"Mpaka uzeeke," akarudia dada.

"Naapa."

"Msikilize mdogo wako, dada yangu," Mwenye Duka akadakia, na sauti yake ilikuwa laini kweli, machozi yakimlengalenga, na sikuona kama anaigiza. "Mimi si mtu mbaya. Nani mwingine angegharimia gurudumu? Rangi nimetoa dukani kwangu, bluu, uipendayo. Sasa tukianza kuburuzana, tutaburuzana kwa ushahidi gani? Hakuna kilichobaki. Tusivunjiane heshima."

Hakuna kilichobaki. Wakili akaiweka kalamu chini.

Dada aliyaegemeza magongo ukutani. La kwanza, kisha la pili. Akamgeukia wakili.

"Mdogo wangu, ulitaka kuuona. Sogea karibu."

"Dada, si lazima," wakili akasema.

"Najua."

Akapandisha gauni hadi gotini. Akainama akaanza kuifungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko, akiikusanya mkononi kama anavyokusanya uzi. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa jicho.

Muundi ukatokea kwanza. Mzima. Laini. Hauna hata mkwaruzo wa ukucha.

Kisha akaushika mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, akaugeuza juu ya kiti ili wote tuone upande wa nyuma.

Sitaeleza. Nitasema tu kwamba palipokuwa na kigimbi palikuwa na shimo na mishono, kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni, na kwamba Bwana Bima alivua miwani yake na hakuifuta. Mashine ya fotokopi kule chini ilikuwa imenyamaza. Mkono wa Mwenye Duka ulikuwa bado umeshika muundi wake mwenyewe, pale alipotuonyesha, kana kwamba umesahauliwa hapo.

Nilitaka kusema dada jifunike.

Dada akaitazama ile karatasi. Akanitazama mimi. Akamtazama Mwenye Duka.

"Baiskeli mliipaka rangi nyinyi wawili," akasema. "Na huu? Nani kati yenu amekuja na brashi?"